Kosa Moja katika Fomu Kumi na Tatu

Nyumba za Walimu, Na. 6
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kabla ya yote, goti lako linaendeleaje? Tulishangilia kusikia umeitupa fimbo, ingawa mama anashuku uliitupa mbele ya daktari tu, ukaiokota mlangoni. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi: mwili mzima, roho imechafuka.

Unajua nipo shuleni kwa mama kwa mazoezi ya kufundisha, huu ukiwa mwaka wangu wa mwisho chuoni. Mratibu wa mafunzo kazini, mwalimu tunayemwita Bwana Mhuri, alinikabidhi kabati la mafaili niyapange kabla mkaguzi hajafika. Kila mwalimu hutakiwa kuhudhuria mafunzo kila juma, Ijumaa alasiri kwa mujibu wa ratiba, kisha ajaze fomu kueleza alichojifunza. Asiyetimiza hilo kwa miaka miwili hunyang'anywa darasa la mtihani.

Nilizisoma zote. Fomu kumi na tatu, miandiko kumi na mitatu, na katika kila moja neno lile lile limekosewa vile vile: "kutadhimini". Je, walimu kumi na watatu hukosea kwa pamoja kama kwaya? Na ni mafunzo gani hayo ya Ijumaa alasiri, ilhali majuma manne mfululizo nimekuta chumba cha walimu kimetiwa kufuli? Nilihukumu papo hapo: huu ni uongo ulionakiliwa, na mwenye kuunakilisha ni Bwana Mhuri.

Nilimwuliza mama. Aliendelea kumenya vitunguu, akanijibu kwamba si kila kitu ni cha kupigiwa kelele. Mama huyu, awezaye kubishana hata na kalenda, leo ananyamaza? Nikaanza kumshuku hata yeye. Jumatano niliandika malalamiko, kurasa tatu, nikayafikisha ofisini kwa mkaguzi kwa mkono wangu.

Alhamisi nilisahau funguo shuleni, nikazirudia saa kumi na moja. Darasa la mama lilikuwa limejaa walimu, magoti yao yamekwama chini ya madawati ya watoto. Mama alikuwa mbele na chaki, akiwafundisha namna ya kumtambua mtoto anayejifanya ameelewa. Mwalimu wa michezo akasema mtoto huyo ndiye yeye. Walicheka, lakini kalamu hazikusimama. Ubaoni, kwa mwandiko wa mama, palisomeka: KUTADHIMINI UELEWA.

Nilibaki nimeshika nondo za dirisha. Hawakunakili uongo, Mama Mkubwa, walinakili ubao. Kosa nililoligeuza ushahidi wa udanganyifu ndilo ushahidi kwamba walihudhuria. Ijumaa za Bwana Mhuri ni hewa tupu, hilo silifuti: hufunga mlango akaenda zake, kisha akaipiga mhuri kazi ya mama kana kwamba ni yake. Lakini mkaguzi akizitupa fomu zote kwa maneno yangu, wa kwanza kupoteza darasa ni mama.

Jana nilimpa mama nakala ya malalamiko, nikisubiri radi. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya ukurasa wa tatu: "Hoja nzuri. Hukuingia darasani. Rudia." Kisha akaniambia, "Jumatatu utamfuata mkaguzi kwa mdomo huo huo. Na Alhamisi uje naye."

Nitakwenda. Nimebakiwa na shaka moja tu, nayo inakuhusu wewe uliyemfundisha mama kuandika. Nimefukua barua zako za zamani: "tumetadhimini", mara mbili. Tafadhali ukimwandikia, usijirekebishe bado. Nami sijathubutu kumsahihisha. Neno likinyooka ubaoni kabla ya Alhamisi, utetezi wetu umekwisha.

Nisalimie Baba Mkubwa, dada mshonaji na pacha wake. Mola akulinde, goti na vyote linavyobeba.

Mwanao akupendaye, ambaye juma hili anajifunza kunong'ona,

Kipaza Sauti