Mlimau Unaonyweshwa Kila Mlo

Tarehe 12 Agosti. Huu ni mwaka wa sita tangu niondoke nyumbani.

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, na zaidi ya wote mama. Natumaini goti lake limepata nafuu, na wewe mgongo umekuachia. Mimi nipo. Hali yangu nitakueleza huko mbele, na usiruke mistari kuitafuta, maana nakujua.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mbolea hapa kitaluni, wenzangu wakijaza udongo kwenye mifuko ya miche. Nianze na madogo. Nyanya zinazooza kitako huku juu zikiwa nzima hazina ugonjwa, wala si jicho la jirani kama ulivyoandika. Ni maji: leo tele, kesho hakuna. Zipe kiasi kilekile kila asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani, kisha utandaze nyasi kavu ili udongo usikauke haraka. Vidukari kwenye kunde wapulizie maji yenye sabuni kidogo, na upulize chini ya jani, huko ndiko wanakojificha. Pale nyuma ya jiko pasipofika jua usihangaike na pilipili. Panda nanaa, lakini ndani ya kopo. Nanaa ukiiachia ardhi inakuwa kama yule binamu wa shemeji aliyekuja kulala siku mbili, na mpaka leo ndiye mwenye rimoti ya televisheni.

Sasa nije kwenye mlimau.

Unasema majani yamekuwa ya njano na yanapukutika, na udongo chini yake unanuka kama mtaro. Unasema mama hali vizuri tangu aone hivyo, kwa kuwa niliupanda mwenyewe siku moja kabla ya kuondoka, naye ameshika kwamba mti ukifa na mimi nimekufa. Dada, nimecheka kidogo, halafu kicheko kikanikauka. Uliandika kama jambo la kawaida kwamba kila mlo, mkishanawa, mama humwagia mti ule jagi zima la maji na kusema mtoto naye ale. Asubuhi, mchana, jioni, miaka yote hii. Wewe nawe kwa huruma ukaongeza mbolea mbichi ya kuku, na jirani akaongeza dawa yake. Mti huo hauna njaa wala kiu. Umeshibishwa mpaka umezama.

Fanya hivi. Maji yakome kabisa. Kwangua mbolea yote, na udongo mliourundika kwenye shina uuondoe, shina lipumue. Chimba mfereji mdogo kuelekea upande wa chini wa uwanja. Kisha chokonoa pembeni taratibu uutazame mzizi. Ukiwa mgumu na mweupe ndani, mti utapona. Usiunyweshe tena mpaka uingize kidole chote ardhini kitoke kikavu. Ukiwa mweusi na ganda linabanduka kama ngozi ya muwa uliochacha, basi hapo hakuna mti. Ung'oe.

Nilimsimulia Fundi Bomba, huyu tunayelala naye chumba kimoja. Akaniambia mimi ni mjinga wa kuzaliwa: kwa nini nisikuagize ununue mche mwingine, uupande usiku palepale, kwani mama anahesabu majani? Nililala na wazo hilo, na nikiri lilinipendeza. Lakini asubuhi nikaona kwamba mche mpya nao mama ataunywesha mpaka ufe. Tutapanda mara ngapi? Na kumficha kuna mwisho wake, kama ninavyojua mimi mwenyewe.

Ndiyo, dada, tumefika. Mama hajakosea sana. Kazi yangu hapa, niliyowaambia ni kumwagilia maua, ilikuwa kupulizia dawa ya wadudu ndani ya banda la plastiki lisilo na dirisha. Tulipoomba barakoa, msimamizi alituuliza tangu lini watu wakawa wadudu hata dawa hiyo iwadhuru, wenzetu wakacheka, na mimi nilicheka nao. Kikohozi kilianza mwaka jana. Mwezi uliopita nilitema damu juu ya miche ya waridi. Daktari alisema mapafu yameungua na hayatarudi kama yalivyokuwa, ila nikitoka kwenye dawa naweza kuishi nayo, polepole, bila kubeba mizigo. Msimamizi akanihamishia getini kwa wiki mbili, kisha akaniambia geti halihitaji mtu anayekohoa mbele ya wateja. Kwa hiyo barua hii naiandika nikiwa sina kazi. Magunia niliyokalia si yangu tena kuyabeba. Siku ile nilikuja kuaga tu.

Usimsomee mama barua yote. Lakini mlimau usiung'oe kwa siri. Mwite, mkalishe kwenye kigoda chake, umwonyeshe mzizi aushike kwa mkono wake. Aone ni maji yaliyofanya hivyo, si mimi. Yaliyonipata mimi nitamweleza kwa mdomo wangu, nikiwa nimekaa mbele yake. Akilia, nitakuwepo.

Wasalimie watoto, na yule binamu mwambie aniandalie nafasi, chumba kile kilikuwa changu. Ukinipokea usishtuke, jina mlilonipa utotoni sasa limenikaa sawasawa.

Natarajia kufika wiki ya kwanza ya Septemba, kabla mvua hazijaanza. Mwambie mama jagi aliache mezani. Nitakunywa mwenyewe.

Mdogo wako,
Kijiti