Saa Tano na Nusu za Kutoka Maskati

Jumanne, jioni. Ukungu umeshuka hapa kijijini Mkunya, Newala, baridi inapenya mpaka kwenye soksi. Nyumba imejaa watu wa msiba, mimi nimejificha peke yangu nyuma ya ghala la korosho.

Shajara, wewe unanijua. Hapa wananiita Rubani. Ndege ikipita nainua kidole: huyo katoka Johanesibagi, anakwenda Dubai. Maskati hadi Dar es Salaam? Kilomita elfu nne kasoro kidogo, saa tano na nusu angani. Nimeyasoma kwenye simu, mimi niliyeishia darasa la sita, na naringia kama cheti.

Sijawahi kupanda ndege.

Jumapili Mama akatutoka. Dada yangu Asia, anayefanya kazi Maskati, akalia kwenye simu, akaomba kitu kimoja: amwoshe Mama kwa mikono yake. Akaniuliza habari ya ndege ya Mtwara. Nikamjibu asihangaike, ipo, atapanda tu.

Wazee nao nikawapigia hesabu mbele ya watu. Anaondoka alfajiri, saa tano anatua Dar, saa nane Mtwara, saa kumi na moja yuko hapa. "Msubirini," nikasema.

Wakasubiri.

Jana saa tano kamili Asia akaandika: Nimetua. Nikazunguka na ile simu kama vile ndege nimeirusha mimi.

Alasiri baba mdogo akaniita. "Baba Salumu, dada yako yuko wapi?"

"Katua."

"Katua wapi?"

"Dar."

Nilidhani ndege ya Mtwara inakaa pale inangoja abiria, ikijaa inaondoka, kama Noah za Masasi kuja Newala. Kumbe ilishaondoka asubuhi, na nyingine mpaka kesho yake. Jua likazidi kushuka. Mama mdogo na wenzake wakamwosha Mama, tukaenda kuzika.

Asia kafika leo asubuhi kwa basi, miguu imevimba, mkononi chupa ya marashi aliyokuja nayo ya kumwoshea Mama. Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

"Ungesema tu hujui, Kaka. Njia nzima nilikuwa najiandaa."

Chupa iko dirishani, haijafunguliwa.

Utani wote niliokuwa nao umeniishia. Watu wananipa pole ya Mama, na mimi nataka pole nyingine ambayo siwezi kuiomba.

Sasa hivi imepita ndege, inanguruma juu ya ukungu. Asia alikuwa kashatoka nje, kasimama kando yangu, kitenge kichwani.

"Hiyo inakwenda wapi, Kaka?"

"Sijui," nikamwambia. "Na sijawahi kupanda hata moja."

Hakuondoka.

Kesho nampeleka kaburini akanyunyize marashi yake. Ni dakika kumi kwa miguu. Hizo nina hakika nazo, nimezipima mara mbili: jana na jeneza begani, leo mikono mitupu.