Siku Niliyosema Tuna Ng'ombe Mmoja

Jumatano, mwezi wa nane. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai. Mlima Hanang umejifunika wingu hadi kiunoni, na baridi ya leo ni ya kuvaa sweta mbili. Mimi nimevaa moja. Ya pili ameondoka nayo mzee mmoja, na habari zake ndizo zimenikalisha hapa niandike kabla jua halijazama.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Yasinta. Nimezaliwa Maretadu kule Mbulu, nikaolewa huku Masakta. Nilisoma nikaishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu hata baadhi ya walimu hawana. Ukurasa huu alinifungulia Yasinta mwenyewe, binti yangu, akiwa likizo. Akaniambia, "Mama, uwe unaandika humu, labda utaacha kunisimulia kwa watu njiani."

Sijaacha. Ninafanya yote mawili.

Yasinta amemaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza, masomo ya sayansi, yale ya maabara. Nimeshalisema hili kanisani, mnadani Katesh, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kwa fundi aliyekuja kuziba sufuria. Hapa nalisema kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo.

Sasa kuna chuo kikuu kimoja kina mpango wa kuchukua watoto wenye akili kutoka nyumba zisizo na uwezo, nyumba ambazo hakuna mtu aliyewahi kukanyaga chuo. Wanampa mtoto nafasi ya kusoma, wanamlipia ada, chumba, chakula, mpaka vitabu. Kwenye fomu wanauita mpango wa fursa. Yasinta aliomba mwenyewe kwa simu, amekaa juu ya jiwe lile nyuma ya choo ambako mtandao unashika. Akaitwa kwenye mtihani Babati, akafaulu. Wakamhoji kwa simu, wakaridhika. Ikabaki hatua moja tu, watu wa mpango waje nyumbani wahakikishe kwa macho yao kwamba kweli hatuna uwezo.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Walikuja Jumanne ya wiki iliyopita, dada mmoja na kijana mwenye simu kubwa kama sahani. Yasinta alikuwa ameniomba, "Mama, acha nyumba ilivyo." Nikamwambia mgeni ni mgeni. Jamani, mtu anakuja kuangalia umaskini wako, utamkaribishaje? Nilipaka sakafu samadi mpya. Nikaazima vikombe vya maua kwa jirani. Nikachinja jogoo. Nikavaa kitenge cha Pasaka.

Yule dada alikula vizuri, akasifu mchuzi. Kisha akatoka nje, akaona zizi. Ng'ombe tisa, wamenenepa, ngozi inang'aa. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, hawa wote ni wenu?"

Hapa lazima nieleze jambo, maana wa mjini hamtanielewa. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Anawagawa kwenye nyumba za watu, mbali na kwake. Wewe unawalisha, unakamua maziwa, unatumia samadi yao shambani. Ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wake. Na mdomo unaufunga. Mwenye mali hataki ndugu na majirani wajue ana wangapi, na wewe uliyepewa humtaji. Ukimtaja, hakuna atakayekupa ng'ombe tena maisha yako yote.

Wa kwetu pale ni mmoja tu, yule mweusi mwenye doa usoni. Wanane ni wa Mzee Bura wa Gehandu. Wa kwanza alituletea mwaka ule mkoa wetu ulipotoka Arusha ukaitwa Manyara. Nilikuwa na mimba ya Yasinta.

Kwa hiyo ningeweza kujitetea kwamba nililinda siri ya mzee. Lakini ukurasa huu niliahidi sitaudanganya. Ningeweza kumjibu yule dada, "Wengine ni wa watu." Ingetosha, nisingemtaja mtu. Sikusema hivyo. Nilimwangalia na saa yake nzuri na viatu vyake visivyo na vumbi, nikajikuta nasema, "Ndiyo, dada. Tunamshukuru Mungu."

Ilikuwa tamu mdomoni. Nisiseme uongo, ilikuwa tamu sana.

Kijana akaandika tisa kwenye ile sahani yake.

Ijumaa ujumbe ukaingia kwenye simu ya Yasinta. Ombi lake limesimamishwa. Kwenye fomu yeye alijaza ng'ombe mmoja, nyumbani wameonekana tisa. Apeleke maelezo yaliyothibitishwa na ofisi ya kijiji kabla ya mwisho wa siku ya Jumatano, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Alinisomea mara mbili. Hakunifokea. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi tayari.

Angenifokea ningepata nafuu.

Kitu kingine kikaniuma pembeni. Alijuaje kuandika mmoja? Sisi hatukuwahi kumwambia habari za Mzee Bura. Mtoto anaweza kuropoka, ndiyo maana huwa hatuwaambii. Nikakosa hata uso wa kumuuliza.

Jumamosi nilijaza kibuyu maziwa ya mgando, nikapanda bodaboda kwenda Gehandu. Nilimkuta Mzee Bura ameketi kwenye gogo mbele ya nyumba yake, na koti lile lile lenye viraka viwili vya gunia. Nikamsalimia, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, macho yake mikononi mwangu.

"Yupi amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, baba."

"Ndiyo maana sioni ngozi." Akacheka kidogo. Kwetu ng'ombe wa mtu akifia kwako unampelekea mwenyewe ngozi, aamini kwamba amekufa kweli. "Basi kama si kifo, ni jambo baya zaidi. Kaa."

Nikakaa, nikamweleza yote. Hata ule utamu wa mdomoni sikuuficha. Alipiga mafunda mawili ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Mama Yasinta, mimi hapa watu wananijua sina kitu. Unaona paa hilo? Vijana wa jumuiya wameniezekea bure mwezi uliopita. Waliimba siku nzima huku wanaezeka."

"Ni paa zuri, baba."

"Zuri sana. Sasa unataka nikasimame ofisini niseme nina ng'ombe?"

Nikamwambia kama hawezi nitaelewa, na jina lake sitalitaja, hata iweje. Akasema, "Rudi nyumbani, usije ukanyeshewa." Mwezi wa nane huu, mvua ya wapi? Nikajua nimefukuzwa kwa upole.

Jumapili, kimya. Jumatatu, kimya. Jana Baba Yasinta, ambaye maneno yake kwa siku ni kama kumi hivi, alitumia manne kwangu: "Andika wewe mwenyewe ulichokosa."

Nikaandika. Nimezaa watoto wanne, na naapa barua ile iliniuma kuliko uchungu wao wote. "Mimi mama wa Yasinta nilisema uongo mbele ya wageni. Ng'ombe wangu ni mmoja. Wengine ni wa kutunza. Nilisema hivyo kwa kujisikia. Mtoto wangu aliandika ukweli, naomba asiadhibiwe kwa kosa la mdomo wangu." Mwandiko ulitoka kama wa mtoto wa chekechea.

Leo asubuhi tukaenda ofisi ya kijiji, mimi, Baba Yasinta na Yasinta. Mtendaji wetu ni kijana mwelewa lakini mcheshi kupita kiasi. Alisoma barua, akavua miwani.

"Mama Yasinta. Si wewe uliyesema kwenye kikundi cha akina mama kwamba zizi lako likifunguliwa barabara inaziba?"

"Nilisema."

"Na barabara ilikuwa inaziba na ng'ombe mmoja?"

Watu waliokuwa kwenye benchi la nje mlangoni wakacheka. Nilistahili. Kisha akawa mpole, akasema, "Tatizo langu ni hili, mama. Wiki iliyopita ulisema tisa, leo unasema mmoja. Nikigonga muhuri, nagonga kwenye neno lako lipi? Nitajie mwenye hao wanane, nimpigie."

Baba Yasinta akaangalia dari, lakini huyo ni kawaida yake. Nilimtazama binti yangu. Jina lilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi. Jina moja tu, mtoto aende chuo.

Sikulitaja. Sijui kama nilifanya vizuri. Yasinta alinishika mkono chini ya meza, akaubana, nikajua ananikataza nisilitaje.

Ndipo sauti ikatoka nje, kwenye kona ya mwisho ya benchi, nyuma ya watu.

"Mwekundu mwenye sikio lililochanika. Mama yake, yule mwenye pembe moja chini moja juu. Ndama wake wawili, mmoja kijivu."

Mzee Bura alikuwa amejikunja kwenye koti lake la viraka, anatetemeka kwa baridi. Alitoka kwao alfajiri kwa miguu. Tulikuwa tumempita pale mlangoni bila kumtambua, tukidhani ni mzee aliyekuja kuomba msaada. Aliwataja wote wanane bila kusita, kama padri anavyotaja watakatifu.

Mtendaji aliangalia koti, akaangalia barua, akaangalia tena koti. Akampigia mtendaji mwenzake wa Gehandu, akaiweka simu kwa sauti kubwa. Tukasikia yule wa upande wa pili anacheka mpaka anakohoa.

"Mzee Bura? Ana ng'ombe wanane? Huyo tumemwezekea paa juzi!"

"Mwambie halivuji," akasema Mzee Bura. "Mwambie nashukuru."

Hakuna aliyebaki kimya hapo, hata Baba Yasinta alicheka kwa sauti. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mzee, na yeye hakucheka. Alijua anachokipoteza. Kufikia jioni Gehandu yote ingekuwa inajua.

Mtendaji akaandika maelezo ya mzee, akagonga muhuri. Yasinta akapiga picha barua na maelezo ya mzee, akatuma, kisha akaenda kupiga magoti mbele yake.

"Babu, umejiumiza kwa ajili yangu."

"Wewe ulikuwa mdogo hivi," akasema mzee, akaonyesha urefu wa goti. "Nikija kwenu kama mpita njia wa kuomba maji, unanisimulia kila ng'ombe. Huyu anakohoa, huyu amegoma kula, huyu amezaa alfajiri. Mimi nakunywa maji yangu, kumbe napewa taarifa ya mali yangu yote. Hukujua."

"Nilijua, Babu."

Mzee akainua kichwa.

"Nilijua tangu darasa la tatu," Yasinta akasema. "Ulikuwa unawaangalia wao kabla ya kutusalimia sisi. Ndiyo maana nilikuwa nakusimulia."

Miaka kumi mtoto huyu amebeba siri hiyo, mwenyewe, bila kumwambia hata mama yake. Na mama yake alishindwa kuzuia mdomo kwa dakika moja mbele ya mgeni mwenye saa. Nilitoka nje nikasingizia vumbi limeniingia machoni. Kwa upepo wa leo waliniamini.

Kabla hajaondoka nilimvua Mzee Bura lile koti, nikamvika sweta yangu ya ndani, nikamrudishia koti juu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba atawahamisha ng'ombe wake ndani ya wiki hii. Wakishajulikana walipo, hakuna maana tena ya kuwa pale. Hakusema atawapeleka wapi, na mimi sikuuliza. Hata angeniambia, hapa nisingeandika.

Kwa hiyo maziwa ya wanane yamekwenda, na samadi imekwenda. Shamba la mahindi litajua.

Saa kumi simu ikalia. Ilikuwa yule dada wa mpango, na alinitaka mimi, siyo Yasinta. Nilipanda juu ya lile jiwe nyuma ya choo.

"Mama, nimesoma barua yako. Nakuuliza tena kwa ajili ya kumbukumbu. Una ng'ombe wangapi?"

"Mmoja, dada."

"Mmoja."

"Mmoja, mweusi, ana doa usoni, na maziwa yake ni ya kikombe tu." Nikavuta pumzi. "Lakini mtoto niliyenaye, dada, usihangaike kutafuta mwingine. Hayupo."

Nikasikia anacheka taratibu. Akasema nafasi ya Yasinta ipo, aripoti chuoni mwezi wa kumi, na aje na sweta, maana huko kuna baridi. Nikamwambia sweta zetu mbili moja imeondoka, lakini nitafuma nyingine.

Sasa nimekaa mlangoni. Yasinta yuko zizini, anamsugua yule mwekundu nyuma ya sikio lililochanika, anamwambia maneno ambayo upepo haunifikishii. Sijamwita. Bado ana siku chache na wao, na miezi miwili na sisi.

Kesho kikundi cha akina mama kinakutana. Nitasimama niwaambie kwamba ng'ombe wangu ni mmoja, na wale wengine wote waliokuwa wanaziba barabara hawakuwa wangu. Nitalisema haraka.

Kisha nitawaambia habari ya chuo. Hiyo nitaisema polepole sana, neno kwa neno, mpaka yule wa mwisho kule nyuma asikie.