Nguzo za Ghala la Mtoni

Jumatatu, 4 Juni 1979

"Mheshimiwa Diwani, Bwana Chifu, Mwenyekiti wetu Mzee Njoroge, wazee, akina mama, vijana." Nimeandika salamu hizo katikati ya kusahihisha insha za darasa la saba. Kalamu imegoma hapo hapo. Nimeombwa kulisemea ghala mbele ya wakazi, Jumapili ya tarehe kumi na saba. Linatakiwa libomolewe. Kampuni ya malori inataka uwanja wa kuegesha. Diwani ametamka hadharani kwamba ni magogo yaliyooza kando ya maji machafu. Magogo! Baba yake mzazi alilala chini ya magogo hayo alipofika Nairobi.

Jumanne, 5 Juni

Niandike sawasawa, nisije nikababaika. Ghala liko ukingoni mwa mto, chini ya mtaa wa Kariokor. Kuta ni za mabati, zimebadilishwa mara nyingi, sizitetei. Kiunzi ndicho ninachokitetea. Nguzo na boriti zote ni za mwerezi, zimeungwa kwa vigingi vya mti. Hakuna msumari. Na kila nguzo ilichomwa alama kwa chuma cha moto: jembe, kitana, samaki, ngazi, chungu. Wapagazi wa kwanza ndio waliozichoma, watu wa kila sehemu na nguzo yao. Wengi hawakujua kusoma. Aliyetoka nyumbani kutafuta kazi aliambiwa jambo moja tu: ukishuka stesheni, ulizia ghala la mtoni, ukae kwenye nguzo ya chungu mpaka wenzako waje. Baba yangu alikaa. Mwanamke wa nguzo ya jembe, ambaye lugha yake hakuielewa, akampa uji. Baba alilisimulia jambo hilo mpaka anakufa.

Vyama vyetu vya matanga bado hukutana pale, kila kimoja kwenye nguzo yake. Kisha mtu anasimama na kusema magogo.

Ijumaa, 8 Juni

Habari njema. Mtaalamu wa majengo ya kale atakuja Jumatatu kulitazama. Akiridhika, atapendekeza lihifadhiwe. Asiporidhika, tingatinga litaingia. Nimemwarifu Mzee Njoroge, naye amenishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, wewe nenda ukazike. Huyo mgeni tutampokea."

Nasafiri leo. Shangazi amefariki, tunamzika kesho Kakamega.

Jumatatu, 11 Juni

Siamini nilichokiona.

Nimefika kutoka safarini, nimeshuka moja kwa moja mtoni. Ghala linang'aa. Wamepiga randa kila nguzo, kutoka chini mpaka mkono ulipofika. Kisha wamepaka rangi ya mafuta, nyeupe kama ya zahanati. Mtaa mzima ulifanya kazi Jumamosi na Jumapili, kwa nyimbo. Jembe hakuna. Samaki hakuna. Chungu cha baba yangu kilikuwa maranda sakafuni, na Mama Akinyi, anayetuchemshia chai mikutanoni, alikuwa ameyachukua kuwashia jiko.

Nilimwuliza walifikiri nini. Akanitazama kama mtu aliyepotewa na adabu.

"Kwani wewe Mwalimu, mgeni akija kwako unamwonyesha masizi?"

Mtaalamu alifika saa nne. Akazunguka. Akapapasa nguzo, akanusa vidole. "Kazi safi sana," akasema, "lakini sioni cha kale hapa." Mzee Njoroge akamshukuru kwa moyo wote. Alidhani wamesifiwa.

Nimekasirika. Kampuni isingeweza kutuharibia namna hii. Tumejiharibia wenyewe, kwa brashi, tukiimba.

Jumatano, 13 Juni

Hasira imehama. Jana nilimlaumu Mzee Njoroge mbele ya watu. Leo najiuliza: nani aliwahi kuwaambia watu hawa kwamba masizi yao yana thamani? Tangu lini mkubwa akaja huku mitaani kwetu Eastlands kutazama kitu na asiseme ni kichafu? Kila afisa aliyetutembelea alituagiza tusafishe. Tumesafisha. Sasa tunaambiwa hatuna historia.

Nimekwenda ofisini kwa mtaalamu. Si mtu mbaya. "Ushahidi umepigwa randa, Mwalimu. Niandike nini?"

Nikamwambia aje tena Jumapili, mkutano unapoanza, asimame mlangoni tu.

"Kutazama rangi?"

"Kutazama watu."

Hakuahidi. Aliandika siku na saa.

Alhamisi, 14 Juni

Mafundi seremala wamependekeza tuchome alama upya, mgeni hatatambua. Nimekataa. Huo ni uongo, nao ungetupa aibu ya pili. Nimekwenda kwa Mzee Njoroge kumwomba radhi. Ameipokea. Mama Akinyi bado hanijibu salamu.

Jumapili, 17 Juni

Watu walijaa baada ya kanisa. Mtaalamu alikuja, akasimama mlangoni. Salamu za Jumatatu ile sikuzisoma. Nilianzia upande wa maji kuelekea barabarani, nikiwataja: watu wa ngazi, watu wa samaki, watu wa kitana, watu wa jembe, watu wa chungu. Nikawaomba kila mmoja aende kwenye nguzo yake.

Nguzo zote nyeupe, zote sawa. Hakuna aliyesita. Wazee walikwenda huku wakizungumza mambo mengine. Wajane walikwenda na watoto mgongoni. Mama Akinyi alikwenda na birika lake. Akabaki mtu mmoja katikati ya sakafu, Diwani, amevaa suti, akizungusha macho. Aliona haya kuuliza. Mwishowe akauliza.

"Baba yako alikuwa mtu wa kitana," Mzee Njoroge akamwambia kwa upole. "Njoo hapa, kijana wangu. Kuna nafasi."

Akaja. Akashika gogo la baba yake.

Mtaalamu alitoa daftari lake. Akasema uamuzi si wake peke yake, ila ataandika upya, na ataandika alichokiona leo.

Nikatangaza tulivyoazimia mimi na kamati ya Mzee Njoroge. Hakuna atakayepaka, hakuna atakayechoma alama. Kila Jumapili, mpaka jibu lije, kila mtu atakuwa kwenye nguzo yake, na atakuja na watoto wake awaonyeshe pa kusimama. Malori yakija, yatatukuta tumesimama hivyo.

Hawakupiga makofi. Waliitikia tu.

Nilirudi kwenye nguzo ya chungu. Mama Akinyi aliniletea chai bila kuniangalia, akaongeza sukari kama ninavyopenda. Nikaegemea. Rangi bado inanata kidogo. Imeacha alama nyeupe begani mwa koti langu, na sijaifuta.