Nyuma: Kama Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniletea ufa mwingine. Picha sita na karatasi ya vipimo. Sahani ya chuma, nene kama kidole gumba, inayoshika mkono wa lango la maji kwenye bwawa. Nikasoma jina la bwawa. Nikarudia kusoma. Ni bwawa lake! Na mwandiko wa vipimo ni wake, zile saba zenye mkia mrefu.

Nikamwambia Bosi, huyu mpimaji ni mume wangu. Akasema anajua, ila hana mtu mwingine wa kazi hii, na ufa hauna undugu.

Swali lenyewe ni fupi. Je, sahani itabeba mzigo mpaka ile mpya ifike mwezi wa tano? Ikiweza, mafundi wanapata likizo zao kama kawaida. Isipoweza, lango linafungwa, maji yanapunguzwa, na fundi mkuu haondoki mpaka ukarabati uishe. Fundi mkuu ndiye huyohuyo mwenye saba za mikia.

Likizo yake ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima na milinganyo. Natumia njia yangu ya siku zote, ya namba zenye sehemu mbili, halisi na ya kufikirika. Sahani yote inaingia kwenye mlinganyo mmoja, na ufa unakuwa mstari mfupi tu ndani yake. Desimali, mwenzangu wa meza ya pili, ambaye hajawahi kukadiria kitu maishani mwake, hata sukari ya chai, akauliza mzee anaendeleaje huko porini. Nikamwambia siku hizi mume wangu amekuwa sehemu ya kufikirika. Akacheka mpaka miwani ikadondoka. Mimi sikucheka sana.

Mhasibu alipita akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kanuni ya ofisi yetu haijabadilika: atakayeitaja methali hiyo mbele yangu ananunua chai ya wote. Kanunua huku ananung'unika.

Alhamisi, 6 Machi

Amepiga jioni. Mtandao wa huko unakwenda na kurudi. Nilitaka kumwambia mengi, nikaishia kumuuliza kama amekula. Naye akaniuliza kama bomba la jikoni bado linavuja. Ndoa ya kwenye simu ndiyo hii.

Mtoto akataka kumwonesha pengo. Meno mawili ya mbele yameng'oka kwa mpigo mmoja, baba yake akambandika jina la Kibogoyo bila hata kumwona. Nikasema nibadilishe iwe video. Baba akakataa. Hataki kuliona pengo kwenye simu, ataliona mwenyewe, kwa macho yake, Ijumaa. Kibogoyo kaahidiwa, kwa hiyo kila asubuhi anapapasa ufizi kwa kidole, anaogopa jino jipya lisimwahi baba.

Kweli limeanza kuchungulia, jeupe kama punje ya mchele. Sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Imekubali!

Kwenye karatasi, pale kwenye ncha kabisa ya ufa, mkazo hauna kikomo. Wageni wa kazi hii huwa wanashtuka, wanadhani basi kila chenye ufa kitapasuka leo. Sivyo. Kinachotazamwa ni jinsi mkazo unavyopanda unapoisogelea ncha. Unapanda kinyume cha kipeuo cha pili cha umbali, na mbele yake kuna namba moja tu, hiyo ndiyo mwamuzi. Namba ikiwa chini ya uwezo wa chuma, ufa unakaa ulipo. Ikizidi, unatembea.

Ufa wake una milimita thelathini na moja. Kwa hesabu yangu, mpaka arobaini uko salama. Nimempa Bosi rasimu. Ataisaini Alhamisi.

Nimerudi nyumbani naimba. Jirani kauliza kama nimepandishwa cheo.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua mashuka. Nimeanika mto wake juani, nikauchapa vumbi, nikaunusa. Hauna harufu yake tena, unanuka sabuni. Nikakaa pale kwenye kamba ya nguo nimeukumbatia, mtu mzima na akili zangu. Miezi yote hii nimevumilia, tena bila kelele. Sasa zimebaki siku chache ndiyo nashindwa. Kadiri ninavyoisogelea Ijumaa ndivyo inavyoniuma.

Bomba la jikoni nimeliacha livuje. Namtunzia kazi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikuwa napanga picha za ripoti. Ya nne inaonesha ufa kwa karibu, upande wa mbele. Kando ya ufa kuna vumbi jekundu la kutu, laini kama unga. Wiki iliyopita nililiona nikadhani ni uchafu.

Vumbi la namna hiyo linatoka pale chuma kinaposuguana na chuma. Sasa ufa ulio wazi unasuguana na nini?

Nimefunga faili. Nitaangalia kesho. Huenda ni uchafu kweli.

Jumanne, 11 Machi

Si uchafu.

Nimetoa mchoro wa lango kabatini. Mkono haukufungwa katikati ya unene wa sahani, umefungwa upande wa nyuma. Kwa hiyo hauivuti tu, unaipinda pia. Mimi nilikuwa nimesambaza mzigo sawasawa, mbele na nyuma, kana kwamba pande zote mbili ni pacha. Ukifanya hivyo hesabu inakuwa nusu, unatatua upande mmoja na mwingine unauchukulia kuwa vilevile. Sisi sote tunafanya hivyo. Unafanya hivyo ukiwa umehakikisha.

Nikaongeza kupinda. Kompyuta ikaniambia kwamba upande wa mbele midomo ya ufa imepitana, mmoja umeingia ndani ya mwenzake. Yenyewe haijui kwamba chuma hakipenyi chuma, inafuata milinganyo tu. Maana yake ni kwamba mbele midomo imebanana, ndiyo inayosaga lile vumbi. Na kama mbele inafumba, nyuma ndiko inakoachama. Ufa unakua kutokea nyuma. Thelathini na moja ni upande wake mfupi.

Nikarudi kwenye karatasi yake ya vipimo. Wiki nzima nimekuwa nayo mezani. Ameandika: Mbele, 31. Nyuma, kama mbele.

Kama mbele. Mtu ninayemjua mimi hupima kitanda kabla ya kununua shuka, tena hupima pande zote nne. Na mimi nikaisoma, nikaendelea na kazi. Nilifurahi hata.

Desimali kaniona nimeduwaa, akauliza kulikoni. Nikasema kichwa kinaniuma. Akaniletea maji, akasimama pale muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa Bosi nikamwomba rasimu yangu. Nikamweleza kila kitu, kupinda, vumbi, kama mbele. Hakunifokea. Aliuliza nyuma unaweza kuwa na urefu gani. Nikasema sijui, lakini ukivuka arobaini hakuna la kujadili. Akasema mpigie. Akatoka akaniachia ofisi yake, akafunga mlango polepole.

Nilipiga. Akapokea kwa furaha, akaniambia begi ameshafunga, na kuna zawadi ya Kibogoyo, nisimwambie.

Nikamuuliza, ule upande wa nyuma uliuona kwa macho?

Nilisikia begi likiwekwa chini.

Akasema, "Nyuma mkono wa lango umeziba, mke wangu. Mpaka ushuke kwa kamba, na kioo na tochi."

"Najua. Ulishuka?"

"Hapana."

"Kioo huna?"

"Ninacho." Akarudia, "Ninacho, Mama Kibogoyo. Siku ile nilikuwa nacho mkononi. Nikasema nikishuka nikakuta kitu, basi tena, siji. Nikaandika kama mbele. Nilitaka kuja nyumbani tu."

Nimewahi kuwaza kwamba labda huko amezoea kutokuwepo kwangu. Kwamba hamu yote iko upande wangu na mimi ndiye ninayemchukulia mwenzangu kuwa kama mimi. Kumbe tumefanya kosa moja, kila mtu kwa upande wake.

Nikamwambia, "Mimi nami niliisoma nikanyamaza. Nilikutaka uje."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema wanaoishi bondeni chini ya lango wana watoto pia. Akasema nimpe mpaka jioni, ashuke. Nikamwambia ajifunge kamba mbili. Akasema anajua kazi yake. Nikasema leo ajifunge mbili.

Jioni, nyumbani

Ripoti mpya iko mezani. Aya ya mwisho nimeshaiandika: lango lifungwe mara moja. Nimeacha nafasi tupu kwa kipimo cha nyuma. Labda itakuwa thelathini na mbili, labda naandika aya hii bure na nitaifuta. Nikimwazia ananing'inia pale naweka kalamu chini.

Kibogoyo amekaa miguuni kwangu. Anauliza kesho kutwa ni kesho gani. Nimemwambia atulie baba apige kwanza. Anapapasa ufizi.

Bomba linadondosha jikoni.

Simu! Ni yeye. Ni video — hapigi video kamwe. Kofia ya kazi bado kichwani, shavu lina kutu, nyuma yake naona ngazi za chuma na kamba mbili. Yuko mzima. Nimemuuliza ni ngapi. Hajanijibu. Anatazama kando, anajifuta uso kwa mkono wa shati, anasema namba atanipa, ninayo kalamu? Ninayo. Lakini kwanza, anasema, kwanza nimpe Kibogoyo simu, amwambie afungue mdomo, asogee kwenye taa, alione hilo pengo —