Landrova Yako Imepanda Ngazini

Mjomba, shikamoo.

Imepanda! Nimeona nikuambie hilo kwanza, maana nakujua, hukuwahi kuwa na subira ya kusikiliza habari kuanzia mwanzo. Landrova yako imepanda kile kilima cha Ngazini ikiwa na magunia ya ufuta na akina mama wa bondeni juu yake. Haikusukumwa, haikuwekewa jiwe nyuma ya tairi, na hakuna mtu aliyeshuka. Hakuna, Mjomba! Naandika mikono ina grisi, karatasi imeshachafuka, na sijali. Ungekuwepo ungepiga bodi kwa kiganja, pa, halafu ungesema lile neno lako: "Fundi wangu huyo, na bado."

Haya, sasa tulia nikuanzie mwanzo.

Siku ya msiba wako Komba alitutenda. Si unamjua mtani wako yule Mngoni, tangu ahamie Newala hajawahi kuwa na haya. Tumetoka kukuzika pale Mkunya, watu wako kwenye mikeka wamejiinamia, Mama amemlilia ndugu yake mpaka sauti imemkauka. Mara Komba anatokea nyuma ya nyumba amevaa ovaroli lako, lile lenye kiraka cha bluu, tumbo lake limekataa katakata kufungwa vifungo. Akaingia kwenye gari uani, akaanza kuliendesha likiwa limesimama vilevile. Anakunja shingo kama wewe. Anawagombeza mbuzi kama wewe. Akajifanya amefika Ngazini, akatoa kichwa dirishani: "Shukeni wote! Nibaki mimi na Mungu!" Loo! Msiba mzima uliangua kicheko. Mama alicheka akashika mbavu, kisha akalia upya, lakini kilikuwa kilio kingine, chepesi kidogo. Nilimpenda sana Komba dakika ile.

Kumbe hajamaliza. Akashuka na mto wako wa kiti kichwani. Ule mto ambao Mama alikushonea kwa kitenge chake na kuujaza sufi, ili ndugu yake mfupi aweze kuona mbele ya boneti. Na wewe unajua, mtani akishika kitu msibani humnyang'anyi, unamuuliza anataka nini akuachie. Tulidhani atataka kuku. "Sitaki kuku, sitaki mchele," akasema. "Nitaukalia mimi mto huu mpaka hili gari lipande Ngazini bila kusukumwa. Na kwa jinsi lilivyochoka, mtanizika nao."

Watu walicheka tena. Mimi sikucheka, maana nilimwona Mjomba Hamisi, kaka yako, anaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Baada ya arobaini aliwaita ndugu wote. Kwamba gari ni langu hakuna aliyebisha, kwetu mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba wake. Ila alisema limekuwa gofu. Linakula uwanja, kuku wanatagia kwenye injini, na wanunuzi wa vyuma chakavu wako Masasi wanalisubiri walikatekate. "Na ni mwanamke gani atalala chini ya gari?" akauliza. Mama akajibu: "Huyu." Neno moja tu, Mjomba! Sijapata kusikia hotuba tamu kama ile. Wakavutana mpaka wakachoka, mwishowe ikaamuliwa tufuate ya Komba. Likipanda Ngazini na mzigo na watu kabla mvua hazijaanza, libaki. Likishindwa, wenye vyuma waje na misumeno yao.

Nilikubali papo hapo, na sikukubali kwa ajili ya chuma. Unakumbuka mara ya kwanza uliponishusha bondeni? Nilikuwa nimemaliza shule, nimekugandamia nijifunze ufundi. Asubuhi tuliuacha mji wa Newala kwenye baridi, tukateremka kuelekea mto Ruvuma, jua likatupokea huko chini, tukapakia ufuta na abiria. Kurudi tukafika kwenye yale majabali yaliyopangana kama ngazi, ukapaza sauti, "Shukeni wote!" Wakashuka wote. Mzee aliyekuwa anapelekwa hospitali akabebwa mgongoni. Na yule dada mjamzito, unamkumbuka, alipanda kilima kwa miguu ameshika kiuno, anasimama, anapumua, anapanda. Tuliobaki tulisukuma. Tulipofika juu hukuongea mpaka nyumbani, wewe ambaye ulikuwa huwezi kunyamaza hata ukiwa unakula. Ulipozima injini ukasema, "Somoe, iko siku pale hatashuka mtu."

Basi nikalipeleka gari Masasi, kwenye gereji ninayofanyia kazi, nikaanza kwa njia yako. Matairi kwanza. Yale yako yalikuwa vipara vitupu, tuseme ukweli. Nilibadilishana na jamaa mmoja, mimi nikampa pikipiki yangu, yeye akanipa matairi makubwa ya gari la porini, kashata zake, yale meno ya mpira, nene mpaka kidole kinazama. Ndiyo, pikipiki yangu, usinune. Kuyafunga nikakuta ukikata kona yanasugua madigadi. Ikabidi nichukue msumeno niyakate madigadi yale uliyoyanyoosha mwenyewe kwa nyundo mwaka ule ulipogonga kichuguu. Nilikata huku nakuomba radhi kwa sauti, fundi mwenzangu akauliza naongea na nani.

Halafu springi. Kila msimu wa korosho ulikuwa unaongeza jani moja la chuma nyuma, maana magunia yanakaa nyuma. Nami nikaongeza nyuma, tena nikaongeza kwa kiburi. Gari likatoka gereji mkia juu, pua chini. Nilipofika nalo Newala, Komba alilizunguka, akainama akachungulia chini ya bampa. "Linatafuta nini? Limedondosha sindano?"

Nikamwambia ngoja uone. Akaona. Tulipofika Ngazini bampa lilikita kwenye jabali la kwanza, pua ikakwama pale, matairi mazuri ya watu yakabaki yanazunguka na kurusha vumbi. Watu wakashuka. Wakasukuma, Mjomba, wakasukuma kama siku zote. Komba hata kunitania alishindwa. Na Mjomba Hamisi akaniwekea mkono begani, "Umejaribu, mwanangu." Heri angenitukana. Wiki ileile wenye vyuma walikuja Mkunya kulitazama, wakawa wanaligongagonga kama watu wanaochagua tikiti maji.

Mjomba Hamisi alinipa nafasi moja nyingine, kwa sababu Mama alimkazia macho. Nikarudi Masasi nimenuna. Nikaingia uvunguni nikalala chali, nikatazama. Nikatazama mpaka mgongo ukafa ganzi. Ndipo nikaona, na nilipoona nilikasirika kwa jinsi lilivyokuwa wazi. Sisi watu wa korosho gari tunalijua kwa magunia. Tunainua nyuma kwa sababu mzigo uko nyuma. Lakini lile jabali halina habari na magunia yako, lenyewe linakutana na pua kwanza. Miaka yote ile ulikuwa unainua nyuma, na kila ulipoinua nyuma, pua ilizidi kuinama. Wewe fundi wangu, uliyenifundisha kushika spana, ulikuwa unaliinamisha gari mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokuacha, Mjomba. Nilikaa juu ya ringi nikalia, nililia kweli, wenzangu wakajifanya wanatafuta spana. Nilijiona kama nakuzika mara ya pili. Mkono wangu ulikuwa haujawahi kufanya kitu kwenye gari lile ambacho mkono wako haukukifanya kwanza. Halafu nikakumbuka "na bado" yako. Siku zote ulikuwa unasema "fundi wangu huyo, na bado". Sasa hiyo "bado" ulitaka nikaipate wapi, kama si mahali ambapo wewe hukufika? Nikafuta kamasi kwa mkono wa ovaroli, nikaomba jeki.

Nilifungua springi zote, za mbele na za nyuma. Yale majani yako ya ziada nikayatoa. Nikaokota springi nzima kwenye pikapu moja bovu iliyokuwa imelala gereji, nikampelekea mzee wa springi wa pale Masasi, akazipinda upya kwa nyundo, baridi, bila moto, jani baada ya jani, mpaka zikakaa na upinde mzuri. Nikaweka yu-bolti ndefu za kushikia springi, nikatafuta shokapu ndefu. Gari likanyanyuka lote kwa pamoja, likasimama sawasawa, na uvunguni unaingia bila kulala! Wenzangu wakaanza kupiga makofi. Nikawaambia subirini. Nililiinua gari kwa jeki, ekseli ikaning'inia, nikapeleka mkono kwenye hozi ya breki, nikaikuta imekuwa fupi, imevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Ulikuwa unanichapa kichwani kwa kitambaa: "Kabla hujafurahia kupanda, niambie utasimamaje." Nikafunga hozi ndefu. Kwa hiyo usidhani nilikuacha moja kwa moja.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nilishuka bondeni alfajiri, nikapakia ufuta mpaka nikaona springi zimekaa vizuri, wakapanda akina mama na mizigo yao. Tulipofika chini ya Ngazini wakaanza kujikusanya bila kuambiwa. Mmoja alishaning'iniza mguu nje, mtoto mgongoni, ndala mkononi. Nikatoa kichwa dirishani kama wewe, nikapiga ukelele: "Asishuke mtu!"

Yule wa ndala akasema, "Una wazimu, mwanangu?" Nikamwambia, "Ninao, mama, shikilia bomba."

Nikaweka gia namba moja, nikaachia klachi taratibu. Tairi la mbele likaligusa jabali la kwanza, likalikumbatia, pua ikaenda juu. Juu, Mjomba! Nikaona mbingu tupu kwenye kioo. Nikangoja ule mlio wa bampa kukita, nimeuma meno. Haukuja. Tukapanda la pili, gari likalala ubavu kidogo, akina mama wakamtaja Mungu kwa pamoja, springi zikakunjuka na kujikunja, likarudi sawa. Sikukanyaga mafuta kwa pupa. Niliisikia sauti yako, "polepole, unampapasa ng'ombe," nikaenda polepole. Jabali la mwisho sikuliona kabisa, nililihisi tu kwenye makalio, maana kiti chako bila mto ni vyuma vitupu, wallahi umenichubua. Kisha pua ikashuka, nikaona barabara, na mwisho wa barabara watu.

Vigelegele vilianzia nyuma yangu, kwenye magunia. Yule wa ndala alikuwa anapiga bodi kwa ndala yake na kuimba jina lako. Mama alikuwa amesimama kando ya njia amejifunika kanga mdomoni. Mjomba Hamisi akaja, akainama, akachungulia uvunguni muda mrefu, akashika springi ya mbele kwa mkono wake, akasimama. "Waambieni wenye vyuma wakakate vyao," akasema, halafu akageuka haraka, na mimi niliyaona machozi.

Komba alikuwa amekaa chini. Kweli, amekaa chini barabarani, mto mapajani, anacheka na kulia. "Kifupi chenu kile kimenishinda kikiwa kimelala kaburini!" Akainuka, akaupangusa mto vumbi, akaniletea kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili, Komba! Hata yeye alijisahau kwamba ni mtani.

Nikauweka kwenye kiti changu, nikaukalia kwa mbwembwe, kichwa kikagonga dari. Mimi si nilimfuata baba kwa urefu. Watu walicheka, na mimi nikacheka, lakini ndani kitu kilinikatika. Nimehangaika kote kule kuurudisha mto wako, na sina kimo cha kuukalia.

Ndipo Mama akasogea. Unajua tangu uondoke hajaligusa gari lile, alisema hapandi gari ambalo ndugu yake hayumo. Akauvuta mto chini yangu bila kuniomba, akazunguka, akafungua mlango wa kushoto, akauweka kwenye kiti cha abiria, akaupiga makofi mawili uvimbe. Sasa kupanda ikawa shughuli. Gari limekuwa refu mno, Mama naye ni kipande cha mtu kama wewe. Komba akainama, akampa goti lake akanyage. Mama akakanyaga, akapanda, akajipanga juu ya kitenge chake, akatazama mbele. Akaliona boneti lote na barabara yote. "Kumbe ndiyo alikuwa anaona hivi," akasema. Kisha akanyoosha mkono kwenye kioo: "Nipeleke kwa ndugu yangu."

Ndiyo maana jana jioni ulitusikia pale Mkunya na ufuta wa watu na kelele zote zile. Hatukuja kuomboleza, tulikuja kukuonyesha. Mama alibonyeza honi mwenyewe, akagoma kuiachia.

Naenda kulala, Mjomba, kesho asubuhi nina abiria. Wamesikia huko chini, wameshapiga simu, yuko dada mmoja anakaribia kujifungua na anataka kusogea karibu na hospitali kabla ya mvua. Nakuahidi, atapita Ngazini amekaa. Mama amesema huyo dada atakalia mto wako, yeye atapanda nyuma kwenye magunia.
 
Lala salama, fundi wangu. Na bado.

Mpwa wako,
Somoe