Kuba Nyeupe za Wembley na Uongo wa Baba

Jumamosi, Februari 2003

Baridi, mvua ya rasharasha, na mimi nimefura kwa hasira hata chai hainipiti.

Leo nimempeleka Baba Wembley kuiona minara ya uwanja wa zamani wa mpira ikibomolewa. Tulipanda basi kutoka mtaani kwetu Kenton, tukasimama nje ya uzio na watu wengine waliokuja kuiaga.

Baba alihama Pemba kabla sijazaliwa. Huko nyumbani alikuwa akisikiliza redioni mpira uliochezwa kwenye uwanja huu. Hapa London, miaka yote, ameitazama ile minara miwili myeupe, kila mmoja na kuba yake kichwani, kupitia dirisha la juu la nyumba yetu. Lakini ndani hakuwahi kutia mguu. Kila Jumamosi alikuwa dukani, anauza.

Kisha, mwaka 2000, kaka yangu Hamadi akapata tiketi mbili za mechi ya mwisho kabla uwanja haujafungwa, akamwahidi Baba moja. Baba akanunua koti jipya. Asubuhi ya mechi Hamadi akapiga simu: ile tiketi ya pili amempa bosi wake.

Bosi!

Baba alilivua koti, akasema hapana neno.

Leo pale kwenye uzio alichangamka kweli. Akamsimulia mzee mmoja wa Kiingereza kwamba uwanja ulijengwa miaka ya ishirini kwa ajili ya maonyesho ya dola yao, kwamba hata mbwa walishindanishwa mbio humo, na kwamba washindi walipanda ngazi katikati ya watazamaji kwenda kupokea kombe. Yule mzee akamuuliza kama aliwahi kuingia.

"Naam," Baba akajibu. "Mwanangu alinileta mechi ya mwisho. Tulirowa sote wawili."

Amemsitiri. Mbele ya mtu asiyemjua, ambaye hatamwona tena maishani, bado anamlindia Hamadi heshima yake.

Tingatinga likanyoosha mkono wake mrefu, likaing'ata kuba. Zege likaporomoka, vumbi likatanda. Baba akavua kofia. Sikuweza kumtazama.

Tuliporudi nyumbani nikampigia Hamadi, nikamweleza neno kwa neno. Akaanza kujitetea: wakati ule alikuwa anatafuta cheo, na uwanja mpya ukimalizika atampeleka Baba, utakuwa na tao kubwa na paa la kisasa.

"Baba ana miaka mingapi, Hamadi?"

"Kweli alisema nilimleta?" akauliza.

"Kweli. Na wewe unajua hukumleta."

Nikasikia analia. Sikumbembeleza.

Baba akaita kutoka sebuleni: "Nani huyo?"

"Hamadi."

"Msalimie. Mwambie ajifunike, baridi kali leo."

Sikumwambia. Nilikata simu. Wenye kusamehe upesi wapo humu ndani, lakini leo si mimi. Pengine wiki ijayo. Pengine.